Ujenzi Unaofuata Usafiri: Maana Yake kwa Kisumu na Nakuru

Ujenzi unaofuata usafiri ni kupanga mji ili nyumba nyingi, maduka na ofisi viwe karibu na kituo cha basi au treni, mwendo wa miguu tu, badala ya kukata mashamba ya mbali kuwa ploti.

Miji yetu, Kisumu na Nakuru, ilianza hivyo bila kupangwa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na biashara ikajikusanya karibu na stesheni na gati. Matatu zilipotawala, ujenzi ulifuata barabara kuu kuelekea Kondele, Mamboleo na Nyamasaria.

Hesabu yake ni hii. Watu wengi hukubali kutembea takriban mita 500 hadi steji. Eneo lote lililo ndani ya umbali huo ni ekari 194. Toa nusu iwe ya barabara, shule na soko. Zinabaki ekari 97, yaani ploti 776 za futi 50 kwa 100, nane kwa ekari. Tuseme kila ploti ina familia moja, na familia moja kati ya tano inatoa abiria mmoja katika saa moja ya asubuhi. Hao ni abiria 155, wa matatu 11 za viti 14. Weka familia nne kwa kila ploti: abiria wanakuwa 620, wanaojaza mabasi 19 ya viti 33, moja kila dakika tatu hivi. Hapo basi kubwa linalipa, na abiria hasubiri gari lijae.

Lami peke yake haileti matokeo hayo. Humnufaisha kwanza mwenye gari, shamba la mbali likaonekana karibu, dalali akaita sorveya. Wanaohamia huko hulipa bodaboda hadi steji, kisha matatu, asubuhi na jioni. Wakiwa wachache na wametawanyika, hakuna basi litakalowafuata.

Curitiba, nchini Brazil, ilianza njia za mabasi ya haraka mwaka 1974, ikaruhusu maghorofa kandokando ya njia hizo na kuyazuia kwingine. Sheria ya ploti ilikwenda pamoja na basi, na hilo ndilo tunaloliruka sana huku.

Tukiliruka, bei ya ardhi hupanda mradi ukitangazwa tu, na mpangaji wa chumba kimoja, ambaye ndiye abiria wa kila siku, husukumwa nje. Tena familia nne kwenye ploti isiyo na bomba la maji taka ni hatari: Manyatta, Kisumu, visima vifupi vimepakana na vyoo vya shimo. Kwa hiyo kaunti ipime steji na hifadhi ya barabara kabla ya kutangaza mradi, iandike idadi ya ghorofa zinazoruhusiwa, na ilaze bomba kabla ya lami kumwagwa.