Homoni za Utu Uzima: Anayezihitaji Anaziogopa, Asiyezihitaji Anazikimbilia

Mwanamke wa miaka 48 au 50 anayefika kliniki kwetu kwa mara ya kwanza, mara nyingi hasemi kwamba hedhi inamkoma. Husema ana malaria isiyosikia dawa, au presha, na kwamba usiku joto humpanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, jasho likamtoka mpaka asubuhi akaianika khanga aliyojifunika. Wengine huwa wamekwisha kumeza dozi mbili tatu za dawa mseto bila hata kupimwa. Akiulizwa aliona siku zake lini mara ya mwisho, ndipo anapoanza kuhesabu kwa vidole.

Kitabibu, ukomo wa hedhi huthibitika baada ya miezi 12 mfululizo bila kuona damu, ingawa dalili zake huweza kutangulia kwa miaka kadhaa. Vifuko vya mayai huwa vimepunguza sana kutengeneza homoni ya estrojeni, na upungufu huo ndio unaoleta joto la ghafla, kukosa usingizi, ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo la ndoa; kimyakimya huondoa pia madini katika mifupa, na ndiyo sababu bibi anayeteleza uani huvunjika nyonga kwa anguko ambalo kijana angeinuka akacheka. Tiba ya kurudishia homoni, kama jina lake linavyoeleza, huurudishia mwili sehemu ya kile kilichopungua, na kwa joto la ghafla na jasho la usiku hakuna dawa iliyothibitika kuizidi.

Kwa nini basi wanawake wengi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, wanaiogopa? Hofu hiyo kwa sehemu kubwa ilianzia Marekani mwezi Julai 2002, pale utafiti mkubwa uliohusisha wanawake 16,608 waliopewa ama vidonge vyenye estrojeni na projestini (dawa ya jamii ya homoni ya projesteroni) ama vidonge visivyo na dawa ulipositishwa kabla ya wakati wake. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia dawa hiyo kwa mwaka mmoja, waliongezeka takribani 8 wenye saratani ya matiti, 8 wenye kiharusi na 7 wenye maradhi ya moyo, ilhali waliovunjika nyonga walipungua kwa 5. Habari ya saratani ilienea duniani kote. Ile ya nyonga haikufika mbali. Jambo ambalo halikutiliwa maanani wakati ule ni kwamba wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, yaani wengi wao walianza dawa miaka mingi baada ya hedhi kukoma, mishipa yao ya damu ikiwa imekwisha kuzeeka. Takwimu hizo zilipochambuliwa upya kwa makundi ya umri, ilionekana kwamba kwa mwenye afya njema anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi madhara.

Baada ya umri, swali la pili kabla ya kuanza dawa ni kama mgonjwa bado ana mji wa mimba. Mwaka 1975 ilibainika kwamba estrojeni ikitumiwa peke yake huukuza utando wa ndani wa mji wa mimba na kuongeza hatari ya saratani mahali hapo. Kwa sababu hiyo mwenye kizazi hupewa pamoja nayo projesteroni au dawa ya jamii yake ili kuulinda utando huo, na aliyetolewa kizazi kwa kawaida hutumia estrojeni pekee. Namna ya kuitumia nayo ina uzito wake: ile ya kubandika au kupaka kwenye ngozi haileti hatari ya damu kuganda kwa kiwango cha vidonge, na anayesumbuliwa na ukavu ukeni tu hutoshelezwa na krimu ya dozi ndogo inayopakwa pale pale. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, pamoja na mwenye ugonjwa mkali wa ini, huhitaji njia nyingine.

Hapa naomba nisimame kidogo. Mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hata tone moja, asikubali kuambiwa kwamba ujana umemrudia. Damu hiyo ni lazima ichunguzwe haraka, kabla hata ya kuzungumzia homoni, kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya mapema ya saratani ya kizazi.

Kwa wanaume mambo yamegeuka kichwa chini miguu juu. Korodani hazikomi kazi kwa mkupuo. Testosteroni, homoni ya kiume, hupungua kidogo kidogo, kwa takribani asilimia 1 kila mwaka baada ya umri wa miaka 40, na wazee wengi hubaki katika kiwango cha kawaida maisha yao yote. Hata hivyo ni wanaume ndio wanaohangaika na chupa zisizo na lebo zinazonadiwa stendi na kwenye mabango ya nguzo za umeme. Mzee wa miaka 58 anayelalamikia nguvu za kiume akipimwa vizuri, mara nyingi hukutwa na kisukari, presha, kitambi au pombe ya kila siku, na tatizo lake linaweza kuwa ishara ya kwanza kwamba mishipa ya moyo nayo inaziba. Testosteroni haizibui mishipa.

Upungufu wa kweli huthibitishwa kwa dalili pamoja na vipimo viwili vya damu vya siku tofauti, vinavyochukuliwa kabla ya saa nne asubuhi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 5,200 wenye upungufu huo na maradhi ya moyo au hatari ya kuyapata, haukuona ongezeko la shambulio la moyo wala kiharusi, ila waliotumia dawa ya testosteroni walipata zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda kwenye mapafu. Dawa hii hufanya damu iwe nzito, hivyo wingi wa chembe nyekundu hupimwa mara kwa mara, na mwenye saratani ya tezi dume kwa kawaida hapewi. Aliyeoa tena uzeeni akitamani mtoto ajue pia kwamba testosteroni ya kutoka nje huziambia korodani zipumzike, na mbegu hupungua au kutoweka kabisa. Anayetumia ile ya kupaka anawe mikono kwa sabuni, aiache ikauke na kufunika mahali alipopaka kwa nguo kabla ya kumpakata mjukuu, kwa sababu homoni hiyo huhamia kwenye ngozi ya mtoto na inaweza kumbaleghesha kabla ya wakati.