Je, wajua kwa nini katika mtaa wa Manyatta, mjini Kisumu, Kenya, tajiri na maskini hupitia lango moja?

Ingia Manyatta kutoka upande wa Kondele, uache lami na kukata kichochoro. Utakutana na ghorofa ya bedsita, vyumba vya kupanga vyenye choo ndani, yenye vigae na kamera mlangoni. Ubavuni mwake kuna safu ya vyumba vya mabati, futi kumi kwa kumi kila kimoja. Katikati ya ua ipo nyumba kuukuu ya mwenye boma, na mbele yake kaburi la saruji. Kamba ya nguo za wapangaji imepita juu yake. Nesi, mwanafunzi, muuza omena (dagaa) na mwenye ploti, lango lao ni moja. Ukipanda bodaboda hadi mtaa wa Milimani, mchanganyiko huo huuoni.

Chanzo chake ni ardhi. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mji ukaitwa Port Florence, na serikali ya kikoloni ikajitengea eneo lake. Milimani, walikokaa Wazungu, ikakatwa viwanja vikubwa. Manyatta ilibaki nje ya mpaka, kijiji cha Waluo chenye dala zake, yaani maboma ya familia, na ng'ombe wake. Mpaka uliposukumwa nje mapema miaka ya 1970, wenyeji hawakuhamia mjini. Mji ndio uliowafuata shambani. Ardhi iliposajiliwa, hati zikatoka kwa majina ya wazee wa familia, si ya baraza la mji.

Basi mtu akawa na mali bila kuwa na pesa, na hapo ndipo penye utamu wa hesabu. Eka moja hutoa ploti nane hivi za futi hamsini kwa mia. Ukitoa njia, zinabaki saba. Tuseme mzee ameacha eka hiyo na watoto watano. Mmoja anauza fungu lake haraka kwa sababu ya bili ya hospitali. Wa pili, fundi baiskeli, anajenga chumba kimoja cha mabati, kodi yake ikimsaidia kuinua cha pili. Wa tatu ana mshahara, anachukua mkopo wa sako, chama cha akiba na mikopo, na kupandisha ghorofa. Wote hao ni wa hati moja ya baba. Kwa hiyo Manyatta haibadiliki kwa mkupuo. Inabadilika ploti kwa ploti, kwa kadiri ya mfuko wa aliyerithi.

Kwa nini basi mwenye pesa nyingi asije kununua yote? Makaburi. Wachache hutaka kununua ua wenye mzee wa watu chini, na wachache zaidi huthubutu kumuuza baba yao. Huuzwa ploti za pembeni, dala ikabaki katikati. Wenye uwezo zaidi hupanda Riat, kwenye mlima unaotazama ziwa.

Wapangaji nao hawakomi kuja. Kaunti ya Kisumu ilikuwa na watu 968,909 katika sensa ya 2009. Ya 2019 ikahesabu 1,155,574. Katikati hapo, mwaka 2013, serikali za kaunti zikaanza kazi na kuleta ajira za ofisini. Karani mgeni anataka chumba cha karibu na mjini, chenye choo ndani. Mrithi akisikia hivyo hubomoa mabati, na aliyekuwa akiuza omena huhamishia godoro lake Nyamasaria, kisha kila alfajiri analipa nauli ambayo zamani hakuwa nayo kwenye hesabu zake.

Ila kisima hakijui kodi ya mtu. Visima vya Manyatta ni vifupi na mashimo ya vyoo yako hatua chache tu, kwa hiyo hata wa ghorofani, mfereji ukikauka, huchemsha maji kama jirani yake wa mabati.

Ukitembea huko, tazama kuta. Mahali fulani utakuta maandishi makubwa ya rangi nyekundu: PLOTI HII HAIUZWI. Mgeni hudhani anaonywa yeye. Mara nyingi anayeonywa ni ndugu wa tumbo moja, asije akaleta mnunuzi usiku.