Kabla ya kuchimba msingi, uliza kiwanja kilikuwa nini

Mnunuzi wa kiwanja huuliza hati, mipaka, maji na umeme. Ni wachache wanaouliza: hapa palikuwa na nini zamani? Kwetu tunaochunguza ardhi, swali hilo hutangulia mtambo wa kuchoronga, yaani wa kutoboa mashimo ardhini, na mara nyingi jibu lake ndilo linaloamua mtambo usimame wapi.

Mwaka 1953, huko Niagara Falls, Marekani, kampuni ya kemikali iliiuzia bodi ya shule kwa dola 1 eneo la mfereji wa zamani lililofukiwa likiwa na takriban tani 20,000 za taka. Hati ya mauzo ilizitaja taka hizo. Shule ikajengwa vilevile, nyumba zikafuata, na miaka ya 1970 kemikali zikaanza kujitokeza bustanini na kwenye vyumba vya chini. Agosti 1978 Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura, familia zikahamishwa. Eneo hilo, Love Canal, husimuliwa kama kisa cha sumu. Mimi naona ni kisa cha taarifa iliyokuwepo kwenye karatasi na isifanyiwe kazi.

Kwa hiyo tunaanza na ramani za zamani, picha za angani na kumbukumbu za umiliki, kisha tunakikagua kiwanja kwa miguu. Kiwanda cha ngozi huweza kuacha metali ya kromiamu, karakana ya betri huacha madini ya risasi, na jaa lililofukiwa huendelea kutoa gesi kwa miaka mingi. Tunawauliza pia majirani wa siku nyingi, maana mashimo mengi yaliyofukiwa kifusi hayamo kwenye ramani yoyote.

Hapo tunatafuta mambo matatu: chanzo cha uchafuzi, njia unayopita, na anayeweza kudhurika. Kimoja kikikosekana, hatari haijakamilika. Risasi iliyo chini ya sakafu ya zege haimfikii mtoto. Ikiwa juu ya bustani, inamfikia. Ujenzi wenyewe unaweza kufungua njia ambayo haikuwepo: nguzo za msingi zikitoboa tabaka la mfinyanzi lililokuwa limezuia uchafu, uchafu unashuka hadi kwenye maji ya ardhini.

Sampuli nazo hazichukuliwi popote tu. Petroli huelea juu ya maji ya ardhini, ilhali viyeyushi vyenye klorini vya kusafishia mashine ni vizito kuliko maji na huzama. Shimo moja katikati ya kiwanja, la kina kimoja, linaweza kuvikosa vyote viwili na kumpa mwenye mradi cheti kizuri kisicho na maana. Sampuli zenye kemikali zinazoyeyukia hewani hujazwa kwenye chupa za kioo, zikafungwa barabara na kuwekwa kwenye ubaridi; zikichelewa juani, maabara itapima kilichobaki tu.

Gesi inataka subira zaidi. Metani, gesi inayotoka kwenye taka zinazooza, ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inaweza kulipuka. Machi 1986, katika kijiji cha Loscoe, Uingereza, gesi kutoka jaa la jirani iliibomoa nyumba baada ya mgandamizo wa hewa kushuka ghafla. Kipimo cha siku moja ya hewa tulivu, basi, hakitoshi; vipimo hurudiwa, hasa mgandamizo unaposhuka.

Uimara wa udongo hupimwa katika mashimo yaleyale. Nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka milimita 760, na mapigo huhesabiwa hadi kipimio, yaani bomba la chuma linalopigwa na nyundo hiyo, kizame milimita 300, bila kuhesabu milimita 150 za mwanzo. Kwa msingi wa kitako, yaani bamba la zege chini ya nguzo, tunachoronga chini yake kwa kina cha angalau mara moja na nusu ya upana wake. Maabara hupima pia kama mfinyanzi unavimba ukilowa, na kama kuna salfati, chumvi inayokula zege.

Ripoti isiyo na ramani ya mashimo, kina chake na tarehe za kupima maji irudishwe kwa aliyeiandika. Hata ripoti nzuri haioni kila kitu, kwa sababu kati ya shimo na shimo kuna udongo usioguswa. Wachimbaji wakikuta harufu ya mafuta, udongo wa rangi ngeni au mapipa, kazi isimame hapo, na udongo huo usihamishwe wala kutumika kujazia sehemu nyingine hadi mtaalamu achukue sampuli.