Pateni za matumizi ya maji: wastani peke yake unadanganya

Ukijenga modeli ya mtandao wa maji kwenye EPANET (ile programu ya bure ya wakala wa mazingira wa Marekani, ipo tangu 1993) ukaipa kila nodi (pointi ambapo mabomba yanaungana au maji yanachukuliwa) matumizi ya wastani tu, utaona presha safi kila kona na utafurahi bure. Saa tisa usiku watu wamelala, saa moja asubuhi wote wanafungua bomba kwa mpigo, sasa huo wastani ni wa nani?

Hapo ndo inaingia pateni, yaani mfululizo wa namba za kuzidishia, kawaida moja kwa kila saa kuanzia saa sita usiku. Nodi yenye wastani wa lita 2 kwa sekunde, usiku ukiizidisha kwa 0.3 inavuta 0.6, asubuhi kwa 1.8 inavuta 3.6, na hapo ndo utaona presha ikishuka kule mwisho wa laini na tenki ulilodhani linatosha likikauka.

Jumlisha hizo namba 24, lazima upate 24, yaani wastani wake uwe 1. Ukipata 26.4 umeongeza asilimia 10 kimyakimya, ile nodi peke yake inakula lita 17,280 za ziada kwa siku, halafu mnaanza kulaumu pampu. Na ukiandika namba 23 kwa bahati mbaya, programu ikizimaliza inarudia mwanzo, kwa hiyo kila siku kilele chako cha matumizi kinawahi kwa lisaa limoja kuliko jana yake.

Ila kosa ninaloliona mimi kubwa zaidi ni kuchanganya maji yanayovuja na matumizi ya watu kwenye pateni moja. Bomba lililopasuka halilali, tena usiku presha ikipanda ndo linavuja zaidi! Uvujaji uweke kama emita, yaani tundu la kwenye modeli linalotoa maji kufuata presha, au basi angalau uupe pateni yake bapa (namba zote 1), nodi moja inaruhusiwa kuwa na matumizi ya aina mbili tatu. Kiwanda nacho kipe pateni yake, na kama wikendi iko tofauti tengeneza ya saa 168.

Data za pateni zisitoke kwenye mita ya pampu peke yake. Chukua maji yaliyoingia, toa yaliyoongezeka kwenye tenki saa hiyo (kama tenki limeshuka, jumlisha), bila hivyo utakachopata ni ratiba ya mwendesha pampu wala sio matumizi ya watu.