Mtoto anayejifanya Kidiaba hapotezi muda

Hapa Lubumbashi wazazi wengi husema: "Anacheza tu, akili itakuja akianza shule." Si kweli. Kufikia miaka 3 ubongo wa mtoto umeshafika takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na shule bado.

Mtazame mtoto wa miaka miwili na nusu kwenye parsele pale Kamalondo. Mpira ni mifuko ya plastiki iliyokazwa kwa kamba, goli ni kandambili za mama. Anapiga, anashangilia, kisha anakaa chini na kurukaruka kwa matako kama Robert Kidiaba, kipa wa Mazembe iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010. Kandambili anaijua ni kandambili, lakini sasa ni goli. Uwezo huo wa kushika maana mbili kwa pamoja ndio atakaouhitaji kuelewa kwamba mchoro wa "a" ni sauti. Tena anasubiri zamu yake, kazi ngumu mno kwa umri huo.

Jioni, papa, kaa golini dakika kumi. Muulize nani kafunga, mwamuzi kasemaje, na umwache amalize kujibu.