Pembetatu ya Chuma: Jeshi Linavyochagua Magari ya Vita Ambavyo Bado Havijaja

Ukisikia jeshi limetangaza mpango wa kuboresha magari yake, usikimbilie kufikiria vifaru. Mara nyingi yanayozungumziwa ni magari ya matairi: yale yanayobeba askari, maji, risasi, redio, mafuta na majeruhi kati ya bohari na mapigano. Vifaru ndivyo vinavyopigwa picha, ila haya ndiyo mengi. Jeshi la nchi kavu la Marekani peke yake lina zaidi ya laki mbili. Mpango wa uboreshaji ni kuamua, kwa miaka 20 au 30 ijayo, yepi yabaki, yepi yafumuliwe na kujengwa upya, yepi yatupwe na yepi yanunuliwe mapya. Nyuma ya maamuzi hayo yote kuna dhana moja ambayo watu wa kazi hiyo wanaiita pembetatu ya chuma.

Pembe zake ni ulinzi, mzigo na mwendo. Ulinzi ni kiasi ambacho gari litawakinga walio ndani dhidi ya risasi na mabomu. Mzigo ni kile linachoweza kubeba juu ya uzito wake lenyewe. Mwendo ni zaidi ya kasi: je, litapita kwenye matope na mchanga, litavuka daraja la kijijini bila kulivunja, litaingia kwenye ndege au kunyanyuliwa na helikopta? Ukiongeza deraya umepunguza mzigo, kwa sababu chesisi ina kikomo chake. Ukitaka mzigo urudi, unahitaji injini kubwa, ekseli nene, breki nzito na mafuta zaidi, na hapo gari limeshakuwa zito mno kwa helikopta na pana mno kwa barabara nyembamba. Hakuna mhandisi aliyewahi kuikwepa hesabu hii. Wanachoweza ni kuchagua waumie pembe ipi.

Mfano unaoeleweka zaidi ni Humvee, gari jepesi la jeshi la Marekani. Mwaka 1983 kampuni ya AM General ya Indiana ilipewa mkataba wa kwanza wa magari 55,000, ya kurithi kazi za jeep za M151 na malori madogo kadhaa. Waliolichora walijua wanataka nini: mwendo kwanza, mzigo pili. Tumbo la gari liliinuliwa kama sentimita 40 kutoka ardhini, matairi yakawekwa mbali mbali ili lisiyumbe, na toleo la kawaida likawa na uzito wa takriban kilo 2,400 tu, kiasi kwamba helikopta ya Black Hawk iliweza kulining'iniza na kuruka nalo. Milango ilikuwa ya turubai. Sakafu ilikuwa bapa na nyembamba. Leo unaweza kuona huo ni uzembe, lakini vita waliyoitarajia ilikuwa ya Ulaya dhidi ya Wasovieti, vita yenye mbele na nyuma, na Humvee ilikuwa ya nyuma. Kwa vita hiyo lilikuwa gari zuri sana.

Vita hiyo haikuja. Oktoba 1993 askari wa Marekani walijikuta ndani ya Humvee katika mitaa ya Mogadishu, risasi na maroketi vikitoka pande zote. Baadaye likatengenezwa toleo la deraya, M1114, likanunuliwa kwa uchache, hasa kwa ajili ya polisi wa jeshi. Miaka kumi baadaye wakaingia Iraq na mamia machache tu ya hayo, wakati adui alikuwa anafukia mabomu kando ya barabara ambako malori ya maji na ya barua yalipita kila siku. Ile nyuma iliyodhaniwa kuwa salama ikawa ndiyo mahali pa kufia.

Desemba 2004, nchini Kuwait, askari mmoja alisimama mbele ya Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld akamuuliza kwa nini wenzake wanachokoa majalala kutafuta chuma chenye kutu na vioo vilivyokwisha kuharibika ili wayavike magari yao. Waziri alimjibu kwamba vitani unakwenda na jeshi ulilonalo. Jibu lile liliwaudhi wengi, nami naliona halikuwa la kumpa mtu anayekwenda kuvuka mpaka kesho yake. Ila kama maelezo ya jinsi magari ya jeshi yanavyopatikana, lilikuwa sahihi kabisa: gari la kesho liliamuliwa miaka 15 iliyopita.

Haraka haraka yakaletwa mabamba ya deraya ya kiwandani. Humvee iliyokuwa na kilo 2,400 ikafika zaidi ya kilo 4,400, na bado ilikuwa haijapakiwa mtu wala risasi. Springi zikalegea, giaboksi zikafa mapema. Milango ikawa mizito hivi kwamba gari likilala ubavu, askari wa ndani alihangaika kuusukuma kwenda juu. Jeshi likalazimika kutengeneza mashine maalumu ya mafunzo, bodi ya Humvee inayozungushwa kichwa chini miguu juu, ili watu wajifunze kutoka. Na pamoja na chuma chote hicho, tatizo kuu lilibaki pale pale: sakafu bapa iliyo karibu na ardhi hupokea mlipuko wote wa chini kama kofi.

Dawa ya mlipuko wa chini ilishajulikana, tena ilitoka Afrika. Katika miaka ya 1970 majeshi ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Afrika Kusini yalikuwa yanapoteza watu kwa mabomu ya ardhini yaliyotegwa na wapigania uhuru kwenye barabara za vumbi. Mafundi wao wakainua gari juu, wakalipa tumbo lenye umbo la herufi V ili nguvu ya mlipuko itawanyike pembeni, na matairi mengine wakayajaza maji. Casspir la Afrika Kusini ndilo maarufu zaidi katika ukoo huo. Gari lililobuniwa kulinda utawala wa kibaguzi limekuja kuwa babu wa magari yanayotumiwa na majeshi ya Afrika huru, na Waganda waliokuwa kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika mjini Mogadishu walitembelea Casspir hizo hizo.

Sasa hapa ndipo mpango na vita vilipogongana. Februari 2005 makamanda wa kikosi cha Marine, yaani askari wa majini wa Marekani, waliokuwa Iraq waliandika ombi la dharura la magari 1,169 ya tumbo la V. Ombi likalala. Makao makuu waliona Humvee ya deraya inatosha kwa muda, na mbele ya safari kulikuwa na gari jipya kabisa lililokuwa linapangwa. Kununua kitu cha katikati kungekula fedha za hilo la baadaye. Kwenye karatasi hoja hiyo ina akili. Inakosa kitu kimoja tu, nacho ni kwamba askari wa 2005 hawakuwa wanapigana 2015. Ilibidi Waziri aliyefuata, Robert Gates, aamuru Mei 2007 kwamba magari hayo, yaliyoitwa MRAP, yatangulie manunuzi mengine yote. Yakanunuliwa karibu 27,000 kutoka viwanda kadhaa kwa wakati mmoja, kwa gharama iliyokaribia dola bilioni 50.

MRAP ziliokoa maisha, hilo halina ubishi. Lakini pembetatu haikusamehe. Magari hayo, mengi ya tani 14 na kuendelea, marefu kama chumba, yalibomoa kingo za mifereji na kupinduka ndani, na juu yalinasa nyaya za umeme za mitaani. Iraq yenye lami iliyavumilia. Milima ya Afghanistan iliyakataa, na mwaka 2009 kampuni ya Oshkosh ya Wisconsin ikapewa kazi ya kutengeneza toleo dogo, M-ATV, lenye springi huru kila tairi. Vita ilipopungua, jeshi likabaki na gari la aina nyingi mno, kila aina na spea zake. Mengine yalikatwakatwa vipande huko huko Afghanistan, mengine yakagawiwa polisi wa miji ya Marekani, mengine wakapewa washirika.

Lile gari la baadaye lilifika hatimaye. Linaitwa JLTV, na Agosti 2015 Oshkosh ilishinda mkataba wa kwanza wa dola bilioni 6.7 kwa magari karibu 17,000. Ukigawanya unapata kama dola 400,000 kwa gari moja pamoja na vifaa na huduma zake. Uzito wake ni kama tani sita na nusu, katikati ya Humvee na MRAP. Wazo lake bora, kwa maoni yangu, halipo kwenye injini wala kwenye springi zake zinazoweza kupiga magoti ili gari liingie kwenye sitaha ya chini ya meli. Lipo kwenye deraya ya mafungu mawili. Fungu la kwanza limejengwa ndani ya bodi pamoja na sehemu za kufungia boliti. Fungu la pili ni mabamba yanayokaa stoo, na kufungwa tu pale kikosi kinapokwenda mahali penye hatari. Kwa maneno mengine, waliamua kutochagua pembe moja kwa miaka 30. Wanachagua kila safari. Chuma kinachofunguliwa hakichoshi ekseli wakati wa amani, na kikija chuma bora zaidi, gari halitupwi.

Hata hivyo wakaguzi wa Wizara ya Ulinzi walisema baada ya majaribio ya 2018 kwamba JLTV lina matengenezo mengi mno, na mafundi wa vikosini hawawezi kulimudu bila watu wa kiwandani. Hilo ni pembe ya nne isiyochorwa: fundi na spea.

Na hapa lazima tutoke kwenye gari moja tutazame kundi zima. Mwenye mabasi 40 ya mikoani hayabadilishi yote mwezi mmoja. Anaingiza matano mapya kwenye njia yenye abiria wengi, ya zamani anayasogeza njia za vumbi, mawili anayafumua injini, moja analichinja kwa ajili ya spea. Jeshi hufanya hivyo hivyo kwa ukubwa wa kutisha. JLTV zilizopangwa kwa ajili ya jeshi la nchi kavu zilikuwa 49,099, wakati Humvee zake zilipita laki moja. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ilijulikana kwamba gari jipya halitaondoa la zamani. Vikosi vya kwenda mbele vingepewa JLTV, vingine vingebaki na Humvee zilizojengwa upya. Mpango mzuri unaonekana kwenye mgawanyo huo: nani apate nini, mwaka gani, na nani awekewe spea za lipi. Anayekutajia idadi ya magari mapya tu hajakueleza mpango.

Majeshi ya kwetu yanaijua shida hii kwa njia nyingine. Kenya ilipoingia Somalia Oktoba 2011, mabomu ya al-Shabaab yaliyotegwa barabarani yakailazimisha kutafuta magari ya tumbo la V, na miaka kumi baadaye ikaagiza 118 aina ya Hızır kutoka Uturuki. Polisi wake waliotumwa Haiti mwaka 2024 waliendesha MaxxPro, mojawapo ya zile MRAP za Marekani za enzi za Iraq. Gari la msaada halina bei ya kununua, ila lina bei ya tairi, chujio na fundi aliyefunzwa kwa mwongozo wa lugha na vipimo vya nchi nyingine. Jeshi lenye aina sita za magari kutoka nchi nne linahitaji stoo sita, hata kama yote yamepakwa rangi moja.

Marekani nayo imeshageuza shingo tena. Mwaka 2020 ilianza kununua gari dogo linaloitwa ISV, lililojengwa na General Motors juu ya pikapu ya Chevrolet Colorado. Linabeba askari tisa na vifaa vyao. Halina deraya. Halina hata milango, ni mabomba ya chuma tu juu ya vichwa. Hoja yake ni kwamba siku hizi droni huona kila kitu na kupiga chochote, kwa hiyo bora watu wafike haraka, washuke na kutawanyika kuliko kujifungia ndani ya chuma kinachoonekana kutoka mbali. Mei 2025 jeshi la nchi kavu likatangaza kuacha kununua Humvee na JLTV, miaka miwili tu baada ya kusaini mkataba mpya wa JLTV na AM General unaoweza kufika magari zaidi ya 20,000. Kikosi cha Marine, kilichokuwa kinanunua gari hilo hilo kwa idadi ndogo, ndicho kinachobaki na bei, maana mteja mkubwa akiondoka kila gari hupanda gharama.

Huenda hoja ya droni ni ya kweli. Mimi nasita, kwa sababu gari la turubai lilishawahi kuwa jibu sahihi la swali ambalo adui hakuuliza.

Wakati huo huo zile Humvee za zamani hazijaenda popote. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilihesabu kati ya mwaka wa bajeti wa 2010 na wa 2019 ajali 3,753 zisizo za vita za magari ya kijeshi, Humvee zikiwemo, katika jeshi la nchi kavu na Marine, zilizoua askari 123. Kupinduka kulikuwa kama robo ya ajali, lakini asilimia 63 ya vifo. Kwa hiyo kwenye karakana ya jeshi ya Red River, Texas, Humvee zinafungwa breki zisizokwama na mfumo wa kuzuia gari kuteleza, vitu ambavyo gari dogo la familia limekuwa navyo kwa miaka mingi.