Mbona kopo la mafuta haliishi?

Mwezi wa kwanza, ule wakati Nakuru iko na vumbi na baridi ya asubuhi inakausha mpaka midomo, kuna mama alikuja kliniki kutoka Njoro na mtoto wa miezi kumi. Ni ekzema, ule ugonjwa wa ngozi kukauka na kuwasha. Mashavu yamekwaruzwa mpaka yanatoa maji, usiku mtoto halali na yeye halali. Kabla ata sijauliza kitu akaniambia, daktari, nimejaribu kila kitu, mafuta napaka kila siku. Nikamwambia haya mama, hebu nione hayo mafuta. Akatoa kopo kwa bag, alinunua Septemba, nikafungua, ata nusu halijafika, alama ya kidole iko hapo katikati kama ya mtu alikuwa anaonja asali.

Sasa shida ndio hiyo. Ngozi ya ekzema ni debe linalovuja, maji yanatoka, alafu sabuni, vumbi na sufi ya sweta zinaingia kuwasha. Wengi wamezaliwa na ngozi hivyo, na ndio maana kwa boma moja unapata huyu ako na ekzema na yule ako na pumu. Si damu chafu, si minyoo, hajarogwa, na haiambukizi so shangazi anaweza kumbeba tu. Mtoto kama huyo tunataka amalize kama gramu 250 za mafuta kwa wiki, mwili mzima, sio mahali panawasha peke yake. Na si lazima iwe ya bei, jeli ya kawaida isiyo na marashi inatosha kabisa, mimi ata ile ya kukamulia ng'ombe sigombani nayo kama haimwashi mtoto.

Kuoga nayo, maji ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi, weka mbali sabuni ya kufulia na hizo dawa za kuua viini watu humwaga kwa beseni. Ukimtoa mguseguse na taulo usimsugue, na akiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi, paka ukishuka chini vile nywele zimelala. Watu wa Kisumu kwenu ni jasho, muoshe na maji tu akitokwa sana, alafu paka tena.

Steroidi, ile krimu ya kutuliza ngozi ikiwaka, watu wanaiogopa vibaya, alafu haohao wananunua krimu ya kuchanganywa kwa kibanda bila kujua ndani kuna steroidi kali kuliko yangu! Ile umeandikiwa, kamua kutoka ncha ya kidole chako mpaka kiungo cha kwanza, hiyo inatosha mahali pa ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole. Paka pale pamewaka tu, kwa siku ulizoambiwa. Na kwa ngozi yetu nyeusi usingoje wekundu, angalia pameiva zambarau ama kijivu, pamekuwa na vipele ukipapasa. Ukiona maganda ya manjano, usaha ama homa, usipake kitu hapo nyumbani, leta mtoto.

Yule mama wa Njoro alirudi baada ya wiki tatu, mashavu yamepoa, mtoto analala. Alikuwa na lalamiko moja tu. Kopo sai linaisha haraka, juu babake mtoto amegundua linalainisha nyufa za miguu.